Kisanduku Chenye Nyota

Mfumo hauna haya. Hujakaa vizuri, umeshauliza:
Jina la hati? Mwenyewe? Baba yake? Tarehe? Lugha?
Kila kisanduku kina nyota nyekundu pembeni,
na penye nyota hupiti mkono mtupu.

Hapa Ibra, ofisi ya maji ya falaji,
juu ya duka la mapazia,
nina makasha kumi na tisa na kiyoyozi kinachokohoa.
Naweka karatasi kiooni, taa inapita chini yake,
inatokea kwenye skrini kama mtoto asiyefanyiwa akika:
SKANI_0047.

Aliyenitangulia alijua njia ya mkato.
Penye jina alitia nukta.
Penye mwenyewe, nukta.
Tarehe aliiacha ile inayojileta yenyewe,
Januari mosi, elfu moja mia tisa.
Mfumo ukaridhika: asante, imehifadhiwa.
Leo itafute siku hiyo ustaajabu,
hati elfu tatu mia mbili na kumi!
Siku moja tu, watu wa Ibra waliuza maji, wakarithi,
wakagombana, wakapatana kwa kadhi, wakaoa, wakafa,
na jioni wakazibua mfereji.
Wote, mabibi na mabwana, wakiitwa Nukta.

Bwana Muadh anapita na kikombe chake cha kahawa.
"Zamda, jana ngapi?"
"Kumi na nne."
"Mwenzio alikuwa akitia mia mbili."
"Alitia, ndiyo. Sasa mwambie azitoe."

Adhuhuri nikafikia karatasi iliyokunjwa mara nne.
Herufi za Kiarabu, ila hazisemi Kiarabu.
Nikachezesha midomo, nikasikia jiko la bibi:
Mimi Binti Hamdun, maji yangu ya usiku wa Jumanne,
nusu saa, nampa Zafarani aliyeninyonyeshea wanangu,
asinyang'anywe.
Mwaka ulioanguka mnara.

Lugha. Nikafungua orodha:
Kiarabu, Kiingereza, Kiurdu, Nyingine.
Nyingine!
Niliyobembelezewa, niliyotukaniwa nilipovunja birika,
nyingine.
Nikampigia Biju wa kompyuta, Maskati.
Akaniuliza inaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja.
Baada ya alasiri ikatokea, chini kabisa ya orodha,
na mbele yake tarakimu: sifuri.

Tarehe. Mfumo hautaki mnara, unataka namba.
Nikapekua hadi kasha la saba:
risiti ya chokaa, magunia arubaini, ya kuujengea upya,
na mwaka umeandikwa kwa wino mzito.
Mnara wenyewe nikauweka kwenye Maelezo,
kisanduku kisicho na nyota, kisichojazwa na mtu.

Mwenyewe. Mfumo unapokea jina moja.
Aliyetoa, au aliyepewa?
Kidole kilikaa juu ya kibodi mpaka skrini ikazima.
Nikaandika Zafarani.

Baba yake?
Nikampigia shangazi Shinuna, anayejua nasaba za mji mzima,
hata zile zisizotajwa harusini.
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Huyo," akasema, "hakuna aliyemuuliza."

Nyota inanitazama, nyekundu.
Nukta ingetosha. Ingefungua mlango, nikaende nyumbani.
Nikaandika herufi zote, taratibu:
HAIKUANDIKWA.

Imehifadhiwa.
Kiswahili: moja.
Bwana Muadh anafunga madirisha, anauliza leo ngapi.