Waya wa Kuvutia

Chumba cha mama, hapa Longuo, kina soketi moja
nyuma ya kabati, ya matundu matatu ya duara,
ya zamani hizo ambazo plagi zake
hata Mbuyuni huzipati ila kwa muuza vyuma chakavu.
Humo tumepachika adapta, juu ya adapta kebo,
na kebo inatambaa chini ya mkeka
hadi kwenye simu, taa, feni, na ile mashine ya pumzi
aliyopewa hospitalini kwa ajili ya kifua chake.
Mashine ikiwaka, feni sharti ife.
Simu ikichajiwa, taa inakonyeza.

"Redio ni moja," alisema baba mwaka wa kujenga.
"Soketi ya pili ya nini?
Mnataka ukuta uwe na macho?"
Neno hilo tulilikariri kama aya.
Wageni wakiuliza, tunacheka: bahili wetu,
Mungu amlaze pema na redio yake.

Nikaleta fundi, Mpare, mpole, jina lake Mchome,
na sikumwambia
jina hilo linavyonitia hofu kwa mtu wa umeme.
Akazima meni swichi. Akabisha ukuta kwa kidole
kama daktari anavyobisha mgongo wa mama,
ko, ko, ko,
hapa kugumu, hapa kugumu,
akarudi nyuma nusu hatua. "Hapa pana kitu."

Tindo ikaingia.
Ikatoka rangi ya maziwa, ya harusi ya Aikande,
chini yake kijani cha miaka ya foleni za sukari,
chini yake samawati ya kwanza kabisa,
niliyoilamba nikiwa mdogo nikachapwa.
Kisha lipu. Kisha udongo mwekundu.
Vumbi likatua kitandani, juu ya Biblia, kwenye kope za Mchome,
kisha, ting.

Boksi la soketi, tupu,
limezibwa kwa kipande cha gunia la kahawa.
Ndani ya bomba, waya mmoja mwembamba wa kufungia,
ncha imepinda kama kidole kinachoita.
"Huu ni waya wa kuvutia," akasema Mchome.
"Fundi huuacha bombani akijua atarudi."

Akijua atarudi.

Mama alikuwa mlangoni.
Hakushangaa, alitafuta tu pa kuketi.
"Ni ya pasi," akasema. "Nilimwomba ya pasi.
Fundi alishafika hapo, ndipo chama kikatangaza bei.
Kahawa ya mwaka mzima, bei ya chumvi.
Akampa fundi nauli. Lipu aliipiga mwenyewe, usiku,
nikisikia mwiko unakwaruza.
Asubuhi akaniambia hilo la redio.
Nikacheka, maana alitaka nicheke."

Na miaka yote iliyofuata alipiga pasi kwa mkaa,
akipeperusha majivu yasiangukie kola ya baba.

Mchome akafunga nyaya mpya kwenye ule wa kutu,
nyekundu, nyeusi, na wa kijani na njano,
wa ethi, ambao nyumba hii haijawahi kuujua.
Akapanda darini. "Sukuma kwa chini!" "Taratibu!"
Ukakwama kwenye kona, nami nikabana pumzi,
kisha ukalegea ukapanda,
mzee anayewashika watoto mkono kuvuka barabara.

Kwa kitanda tulikata ukuta upya, soketi mbili nyingine.
Elfu themanini na tano. Punguzo alikataa, chai alikubali.
Mama aliomba waya wa kutu.
Akauviringisha, akautia kwenye kopo la vifungo.

Usiku feni na mashine vilikwenda pamoja,
Luku ikila kama mgeni wa matanga.
Saa nane hivi nikasikia ukutani
klik.
Klik.
Nikachungulia. Hakuwa amechomeka kitu.
Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga mabegani,
anawasha, anazima,
anawasha
soketi ya pasi.