Bawa la Kushoto

Kwanza niliulaumu mti, mkole wa watu.
Halafu pembe, maana mchinjaji wa Masasi aliniapia
ni za dume mmoja, kulia na kushoto,
nami nikamwamini kama tunavyoamini mizani ya dukani.

Nimeutundika upinde kwenye kigingi,
upoteni nimening'iniza ndoo ya mchanga
(maji hapa Newala hayachezewi majaribio).
Ukutani, mistari ya mkaa.
Bawa la kulia limeshuka mstari wa saba, limeshupaza shingo;
la kushoto liko wa tisa,
limekunjika karibu na kishikio kama goti la mbuzi.

Ni mimi.
Usiku wa Jumanne, kwa tochi ya simu,
kigae cha chupa mkononi,
nilimkwangua yule aliyekuwa ameshanisikia.

Ukishampunguza mnyonge, mpunguze na mwenye nguvu:
ndivyo nilivyofunzwa.
Nikwangue kulia, yalingane,
nipate upinde wa kufukuzia kuku.
Sikutaka.

Nikachemsha gundi upya, ngozi na maji ya akiba.
Nikachambua kano, nikazitafuna ncha zilainike,
nikazilaza mgongoni mwa bawa la kushoto, uzi kwa uzi,
kama anayemsuka mtoto mwenye homa.

Ukungu wetu haukaushi kitu, hata chumvi inalia koponi.
Nikauhamishia kwa Nampanda, mlinzi wa ghala la korosho,
juu ya magunia, chini ya bati,
siku arobaini na tatu
na deni la kilo moja ya sukari.

Mwalimu Lidumbe akapita.
"Mzee, si wa kupigia huu. Wa kutundika ofisini."
Nikampa kiti. Sikumpa jibu.

Siku ya arobaini na nne: ndoo ile, mchanga ule.
Saba.
Saba na nusu.
Ile nusu nikaitazama mpaka chai ikapoa,
na kigae nilikuwa nimeshakiokota.

Somoe alikuja kudai ndoo yake.
Akauchukua upinde, akaupindua juu chini,
akaushika pale pa kushikwa.
"Mwenye nguvu si akae chini?
Tukiteremsha gunia bondeni, humlemea nani?"

Akamwaga mchanga wangu mlangoni
akaondoka mbio. Foleni ya maji
ilikuwa imeshafika kwenye mkorosho wa pili.