Mto Ulikuja kwa Miguu

Tangu halmashauri iyafukuze magari mtaani petu,
ikapanda nguzo za chuma, viti vya saruji,
na kibao cha mtu asiye na shingo, anatembea,
mji huu nausoma kwa soli.

Kibanda changu: nyosha mikono, umegusa kuta zote mbili.
Nachonga funguo. Nashona viatu.
Adelaide siku mbili kusini, Darwin siku mbili kaskazini,
katikati ni mimi na kopo la gundi.

Nesi wa zamu ya usiku hulemea kisigino cha kulia.
Buti za Darryl, za machungani, zina vumbi jekundu
lisilotoka hata ukilibembeleza.
Watalii huleta sandali mpya zilizobanduka kwa joto
na kuniangalia kana kwamba nililiwasha mimi jua.

Duka la vitambaa la Bi Hazel limefungwa mwaka wa tatu.
Dirishani imebaki sanamu moja ya kuvalisha nguo,
uchi, haina mkono,
imewageukia wapita njia kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Loretta hajawahi kuniletea kiatu.
Hutandika turubai lake kivulini, mbele ya benki,
akaketi pekupeku, mguu mmoja ameukunja,
akadonoa rangi kwa njiti:
nukta, nukta, kisha anacheka na dada yake,
nukta.
Ng'ambo, kwenye nyumba ya sanaa, chini ya taa na kiyoyozi,
ndugu wa turubai lile anauzwa dola elfu nne.

“Huu mstari ni nini?” mtalii aliuliza.
“Mto.”
“Lakini mto wenu ni mchanga mtupu. Nimeuvuka kwa miguu.”
“Mia na ishirini,” akasema Loretta.
“Ukiuliza tena, mia na hamsini.”

Naye mlinzi wa fulana ya njano hupita kila saa:
sogeeni, jamani, sogeeni,
huu ni mtaa wa kutembea, si wa kukaa.
Kwani viti viliwekewa nani?
Sikumuuliza. Nilikuwa na misumari mdomoni.
Siku zote huwa nina misumari mdomoni.

Jumanne ile ya Februari mvua ilinyesha mbali, huko vilimani.
Kwetu, hata tone.
Mbingu buluu, lami inanata,
mara kijana Tyrone akatokea kona ya mkate, anakimbia,
“Unakuja! Unakuja!”
na hakuna aliyeuliza nini.

Mfamasia Nguyen aliacha droo ya fedha wazi.
Kinyozi alitoka na mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa.
Niliruka kaunta, mimi mwenye goti bovu,
tukashuka sote hadi kingo za mikaratusi.

Mto ulikuja kwa miguu.
Sijui niseme vipi vingine.
Haukukimbia. Ulisogeza mdomo wake wa povu la kahawia,
ukaramba mchanga, ukasita, ukasogea,
ukisukuma vijiti, makopo, ndala moja ya mtoto,
na kasuku wa waridi wakipiga kelele juu yake
kama ndugu waliokuja kumpokea mtu stesheni.
Loretta aliuita kwa jina lake.
Jina hilo silitaji; si mimi niliyepewa.
Mlinzi alivua buti. Ile ya kushoto nilishaishona mara mbili.

Tuliporudi, jioni,
turubai lilikuwa palepale mbele ya benki,
na juu ya rangi mbichi, likiukata mstari wa mto,
unyayo mmoja wa kiatu.
Soli ya ngozi, mshono wa mkono, msumari mmoja umepinda kidoleni.
Mshono huo naujua. Nao msumari naujua.

Loretta alitazama unyayo.
Akatazama miguu yangu, taratibu,
kiatu cha kulia, kina nukta nyeupe.

“Mia na hamsini,” akasema.

Limetundikwa kibandani, kati ya funguo zisizo na wenyewe.
Wateja huniuliza maana yake.
Natoa misumari mdomoni, nawajibu.