Mpira Uliokunjika

Saa tisa ya usiku, Kuhmo, theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Ninaamshwa na joto la shavu la Tauno.
Uso umemwiva kama aliyetoka sauna,
jasho linatiririka kipajini, linashuka shingoni,
linafika kifuani,
hapo linakoma
kana kwamba limechorewa mpaka.
Chini ya mpaka ngozi nyeupe, baridi,
vinyweleo vya mapaja vimesimama wima.

“Kichwa,” anasema. “Hilkka, kichwa kinapasuka.”

Msonobari ulimwangukia miaka sita iliyopita,
mwezi wa tatu, theluji ikianza kulainika.
Daktari alinichorea uti wa mgongo kwa penseli
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
pingili kwa pingili,
akaukata kwa mstari mmoja chini kidogo ya shingo.
“Miguu,” akasema. Nikaililia miguu.

Nani huulilia utumbo?
Nani amewahi kuuaga mkono ule usioonekana
uliobana mishipa kila alipoinuka asizimie,
uliokausha mate, uliopanua mboni gizani,
uliokiambia kibofu kingoje
mpaka mgeni aondoke?
Tuliishi nao nyumba moja miaka thelathini na mmoja,
hatukuuliza hata jina.

Kumbe walikuwa wawili.
Mmoja mchochezi: dubu huyo! Moyo, kimbia! Tumbo, acha kula!
Mwenzake mtulizaji: ameshakwenda zake. Kaa. Saga uji wako.
Hawakuwa maadui.
Walikuwa kama Tauno na kaka yake Reijo
kwenye ule msumeno wa zamani wa watu wawili:
huyu akivuta, yule hulegeza,
na gogo hukatika bila neno.

Usiku huu kuna kitu huko chini kinalalamika.
Kilio kinapanda uti, kinafika kwenye kovu,
kinakuta mlango umefungwa.
Lakini njiani kimekwisha kumwamsha mchochezi,
naye hasikii tena amri ya juu,
anakamua mishipa yote ya tumbo na miguu
kana kwamba dubu ni mia.
Damu haina pa kwenda ila kupanda.

Shingoni mna walinzi wanaoonja msukumo wake.
Wanapeleka habari,
na ubongo, maskini, unajibu kwa njia iliyosalia:
neva moja ndefu, mtembezi,
iliyoshuka kwa shingo, haikupita mgongoni.
Mti haukuigusa.
Inauambia moyo: taratibu.
Ninashika kifundo cha mkono wake, nahesabu.
Arobaini na nane.
Moyo umetii. Mishipa haijaambiwa.
Kipimo kinasema mia mbili na kumi.

Ninamketisha wima, miguu ining'inie.
Nafungua vifungo, navua soksi zile za kubana,
vidole vyangu vinafuata mpira wa mkojo
kutoka kwenye mfuko (mtupu!)
juu, chini ya blanketi,
mpaka nyuma ya goti.
Hapo. Umekunjika,
umelaliwa na mguu usioweza kusema.

Ninaunyoosha.
Mkojo unakuja wa moto, wa njano, kwa wingi,
nami nimepiga magoti sakafuni
nikiusikiliza kama watu wengine wasikilizavyo kinanda.

Mia na tisini. Mia na sitini.
Hatuongei.
Mia na ishirini na nne.
Wekundu unamtoka usoni, kwanza masikioni.
“Kuna kahawa?” anauliza.
“Saa kumi kasoro, mwendawazimu wewe.”
“Sikuuliza saa.”

Jikoni najaza birika, maji yanamwagika.
Ni mikono yangu, inatetemeka;
sikuituma.
Ulimi umenigandia kinywani kama gome la mti.
Naegemea sinki, nasubiri.
Nje gari la kusukuma theluji linapita, taa yake ya njano
inazunguka ukutani mara mbili, tatu.

Kisha mate yanarudi.
Na tumbo langu, bila kuniomba ruhusa,
linanguruma.