Kanda ya Bi Mwanamkuu

Kazi yangu ni kuhamisha arusi.
Wanawake wa Langoni huniletea kanda zao
zimefungwa kwenye leso, zanuka udi na mavi ya mjusi,
nami katika chumba nyuma ya duka la vitenge
nazitia kwenye flashi, mlango nimeukomea,
maana humo mna nywele wazi na shingo za watu.

Hii iliandikwa kwa kalamu ya buluu: Arusi yangu, 1987.
Nikaitia. Chenga. Chenga tena. Kisha si arusi.
Ukumbi wa nyumba, vidaka vitupu,
sinia ya wali, watu watano,
na mgeni aliyebisha saa nane za usiku
akakaribishwa, kama tulivyofunzwa, akala.

Nilicheka, kusema kweli.
Damu ilikuwa rangi ya ubuyu, nzi wameizingira.
Kivuli cha mpiga picha kilipanda ukutani na kofia yake.
Punda akalia katikati ya kilio cha mama,
na sauti ya mwanamume nyuma: "Tena! Mara moja tena!"
Mgeni hana kwato, hana meno,
kanzu yake tu haijapigwa pasi.
Anauliza, akinawa mkono:
"Nimekaa mahala pa nani?"

Wakatazamana. Hakuna ajuaye.
Usiku wa pili sinia ileile, watu wanne na yeye.
Kiatu kidogo mlangoni. Mama anakiokota,
anakigeuza, anakigeuza
(kamera haikuondoka; sijui ni ustadi
au aliyeishika alisinzia),
kisha anakitupa jaani kama ganda la ndizi.

Hapo ndipo nilipowasha taa.

Na kati ya usiku na usiku,
pale kanda iliposimamishwa ikaanza upya,
hupita bibi arusi.
Sekunde mbili: hina hadi kiwikoni.
Sekunde moja: jicho, wanja, kidani.
Sekunde tatu: kiganja cha mtu juu ya kiganja chake.
Halafu ukumbi, sinia, watu watatu.

Nilihesabu. Jumla sekunde kumi na moja.

Bi Mwanamkuu alikuja Alhamisi baada ya alasiri,
buibui lina chokaa begani kwa wembamba wa vichochoro.
"Ni Shee huyo," akasema. "Mume wangu.
Kanda tupu ilikuwa ghali, nasi sukari twakopa.
Akaniapia atarekodi mwishoni tu,
pale wageni wanapotafuta viatu vyao.
Wakaionyesha mara moja, uani kwa Bwanaheri.
Watoto wakajikojolea, wazee wakaja na bakora,
ikawa basi. Hakuna aliyeitaja tena.
Sasa yeye yuko kaburini.
Mimi nataka arusi yangu. I wapi?"

Nilitaka kumwambia kilichorekodiwa juu hakifukuliki.
Badala yake nikamwonyesha zile sekunde kumi na moja,
nimeziunga moja kwa moja.

Akasogea kwenye kioo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mimi huyo," akasema. "Tazama nilivyokuwa na mashavu."
Kisha: "Na huyu aliyenishika mkono?"

Si Zena, Zena alikuwa Faza na uzazi.
Si shangazi, shangazi hakuvaa bangili.
Akataja jina, akalirudisha kinywani.
Akataja la pili, nusu.

"Rudisha," akasema.
Nikarudisha.
"Rudisha."