Kitabu Kilichotoka Kwenye Belo

Nilifungua belo la sweta pale Karume,
daraja la pili nililouziwa kwa bei ya la kwanza,
na katikati ya sweta zilizobanwa kama dagaa
nikakuta kitabu.
Jalada la nyuma hakina. Kinanuka dawa ya nondo.
Ni cha Meksiko: bendera ipo ukurasa wa kwanza,
na Mwinshehe, kwa sababu ya mpira, anazijua bendera zote.

Usiku uniti za luku zikaisha.
Nikawasha tochi ya simu, wakanizunguka watatu:
Mwinshehe, Sikudhani, na Pazi mwenye mafua.
"Soma, mama."
Maneno yake silijui hata moja.
Lakini picha zinajua Kiswahili, ukizitazama vizuri.

Paukwa!
"Pakawa!"
Palikuwa na binti mwenye mtandio mwekundu.
"Huo ushungi," akasema Sikudhani,
"tena kaufunga vibaya, masikio yako nje."
Haya, ushungi.
Mama yake yuko jikoni, anakandika chapati.
"Mbona za njano?"
Za mahindi. Huko chapati ni ya mahindi.
Pakawa kimya.
"Sasa ugali wanasonga na nini?" Pazi akauliza, kwa huzuni kabisa.

Kapuni akatiwa chapati, maharage meusi,
na shada la pilipili kavu, ndefu kama vidole vya jini,
ampelekee bibi yake, anaumwa.
Njiani hakuna miti. Kuna mimea ya miiba
iliyonyoosha mikono juu.
"Kama mimi darasani nikijua jibu," akasema Mwinshehe.
"Kama wewe ukiomba kwenda chooni," akasema dada yake.

Mara mnyama, kavaa kofia pana kama sinia la pilau.
Nikasema mbwa mwitu. Wakakataa.
"Mgongo umeshuka nyuma, mama. Fisi huyo."
Nikasogeza tochi. Mchoraji hakukusudia,
lakini kweli, umeshuka.
Fisi, basi. Akakata njia ya panya kama bodaboda,
akamtangulia binti, akajitupa kitandani,
blanketi la mistari mpaka kidevuni,
miwani ya bibi juu ya pua.

*"Bibi, mbona masikio
yamekuwa kama ungo?"
"Mwanangu, hata kilio
nasikia, si uongo."*

*"Na meno mbona marefu
kama reki ya shambani?"
"Ni mzee, ni dhaifu,
nisogelee, mwandani."*

Hapo kurasa mbili zimenyofolewa.
Umebaki ncha ya ulimi, mwekundu,
halafu uzi wa kushonea.

Pazi akaanza kulia. "Bibi yuko wapi?"
Mimi, nitamjibu nini? Nikafunua ukurasa wa mwisho:
bibi na mjukuu wanakula, moshi unatoka jikoni,
fisi hayupo,
na ile kofia, bibi anapepetea mahindi.

"Alikuwa mvunguni," akasema Sikudhani,
taratibu, kama anayekumbuka.
"Alimsikia fisi toka mbali, akaingia mvunguni na jiwe lake la kusagia.
Binti akadondosha pilipili moja moja.
Bibi akasaga.
Fisi alipofungua mdomo, bibi akapuliza: fuuu!"
"Puani!" akadakia Mwinshehe.
"Puani, mdomoni, machoni.
Fisi akatoka na mlango wenyewe shingoni.
Akanywa mto, ukaisha. Akalamba umande, ukaisha.
Na mpaka leo watu wanasema fisi anacheka.
Hacheki. Anapoza ulimi."

Pazi akacheka mpaka kamasi zikamtoka.

Nikazima tochi, chaji ilikuwa asilimia nne.
Gizani Sikudhani akaniuliza, kwa sauti nyingine:
"Bibi wa Mkuranga komeo lake lilitengenezwa?"
Nikasema Jumamosi tutakwenda.
"Tubebe na pilipili," akasema.

Asubuhi mteja wa kwanza alikiona juu ya sweta,
akanipa mia tano.
Nikamwambia hapana, dada, hicho bado tunakiandika.