Hukumu ya Mkato

Wameniita Chake kwa jambo la dakika kumi na moja.
Nilizihesabu kwa saa ya ukutani,
ile iliyo juu ya kichwa cha jaji, kioo chake kina ufa.
Wakili wa benki, kijana Haidar,
joho lake bado lina mikunjo ya sandukuni,
alisimama akatamka neno nisilopata kulisikia:
hukumu ya mkato, Mheshimiwa,
kwa kuwa mdaiwa hana utetezi wa kusikilizwa.

Mkato.
Mwalimu Saumu alitufundisha darasa la tatu, pale Jadida:
mkato ni mahali pa kuvuta pumzi,
sentensi haijesha.
Njia ya mkato naijua pia. Hupita uani kwa watu.

Sikatai. Nalitanguliza hili wasije wakasema Mize mjanja.
Saini ni yangu. Ile M yenye mkia mrefu ni yangu.
Milioni thelathini na nane nilizipokea,
nikaiweka rehani nyumba ya Mtemani,
vyumba vinne na banda la tanuri,
na siku ile, kwa fahari, niliwanunulia soda wote waliokuwemo benki,
hata mlinzi.
Masharti ya riba walinisomea mbio mbio,
kama mtu asomaye hitima naye ana safari.

Lakini katika kurasa zao sitini
nimetafuta, miwani puani, mwanangu Shaame kanishikia taa,
sikuona palipoandikwa wiki tano za umeme kuja na kuondoka,
donge la gunia zima likachacha usiku mmoja
na kuku wa mtaa mzima wakashiba.
Sikumuona Kombo, aliyetia saini chini ya yangu kama mdhamini,
akafa mwezi wa tatu wa marejesho.
Eda nimeikaa humo humo, ndani ya rehani,
miezi minne na siku kumi.
Riba haikai eda.

Hayo si utetezi, akasema Haidar,
na alisema kwa adabu, wallahi,
hayo ni masikitiko.

Huenda kweli. Sheria sikuisoma.
Mie nasoma donge:
libonyeze kwa kidole, likirudi polepole, tia motoni;
lisiporudi, limepitiliza.
Boflo hutaka saa mbili kuumuka
na sijaona benki iliyoweza kuiharakisha.
Nyumba niliyozalia watoto watano, dakika kumi na moja.

Jaji akanitazama.
Una la kusema, Bi Mize, kwa ufupi?
Kwa ufupi sina.
Ninalo kwa urefu.

Watu wa nyuma wakacheka, na karani akainamisha uso.
Jaji hakucheka. Aliandika, akafuta, akaandika.
Siku kumi na nne. Niende nikalete kiapo,
kisha ndipo atazame kama niruhusiwe kujitetea.
Hata kujitetea, kumbe, huombewa ruhusa.

Usiku huu nimelifungua daftari langu la madeni
kutafuta karatasi tupu.
Kila ukurasa una vumbi la unga.
Skuli, boflo thelathini.
Mama Chumu, sita; hana, nimemfutia.
Fundi wa tanuri, kumi na mbili, huyu anacho ila mkaidi.
Na Faki, tarishi wa mahakama,
yule yule aliyebandika wito mlangoni kwangu,
boflo nne tangu Mfunguo Mosi.
Sikumkumbusha siku ile. Mikono ilikuwa ikimtetemeka,
gundi imemmwagikia hadi kwenye saa.
Nilimwambia, chukua na ya tano, Faki, bado ina moto.

Shaame kalala. Donge la alfajiri nimelifunika kitambaa.
Nimepata ukurasa usio na jina la mtu,
nimeukung'uta,
nikaanza, kwa ile M yenye mkia:
Mimi, Mize binti Shaame, mtu mzima, Mwislamu, mkaazi wa Mtemani,